Mzee Vibao na Matundu Manne ya Ukutani

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Vibao, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi viatu na muuza maziwa. Alizaliwa mwezi mzima kabla ya siku zake, na mama yake alikuwa akisema hiyo ndiyo mara ya mwisho kwake kuwahi popote.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri mpaka mwalimu mkuu akamkabidhi ratiba ya shule aiandike ubaoni. Kisha akajifunza useremala miaka miwili.

Mwaka 1971 aliajiriwa na manispaa kufunga vibao vya kumbukumbu kwenye majengo ya zamani ya vitongoji: posta ya kwanza, zahanati ya kwanza, nyumba ya pampu ya maji. Alifunga vibao sitini na tatu. Msemo wake, "Pima mara mbili, toboa mara moja," wajukuu waliusikia mpaka wakautengenezea stika kwenye grupu la familia.

Sasa hapa, marehemu mwenyewe aliagiza pasirukwe. Tarehe 9 Agosti 1978 alitumwa kufunga kibao cha shule ya kwanza ya kitongoji chetu, iliyojengwa 1926 na kuhama 1949. Jengo lilikuwa upande wa kushoto wa barabara. Upande wa kulia palikuwa na nyumba inayofanana nalo, matao kwa matao, na dirishani binti anashona. Marehemu alipima mara mbili, akatoboa mara moja. Ukuta haukuwa wenyewe, ulikuwa wa nyumba ya kulia.

"We kijana, unatoboa ukuta wa nani?" mama wa binti akauliza.

"Agizo la manispaa, mama," akajibu, jasho linamtoka.

Akawa anarudi kila wiki "kukagua skrubu". Skrubu gani hizo za kukaguliwa na shati lililopigwa pasi? Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979. Mama mkwe naye akaweka chungu cha maua chini ya kibao, na wageni wakija kupiga picha anawaonyesha jikoni: "Darasa la kwanza lilikuwa hapa."

Marehemu alistaafu 2006, siri yake ikiwa imekunjwa chini ya sanduku la zana. Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Wakati huohuo likabandikwa tangazo kwamba jengo la kushoto litabomolewa, pawe maegesho. Majirani walipolalamika, manispaa ilijibu kwamba jengo la kihistoria ni lile lenye kibao, ng'ambo ya barabara. Usingizi ukamwisha mzee wa watu. Akinyamaza, shule inaanguka kwa mkono wake. Akisema, anamvua mkewe fahari ya kwao.

Akamwambia Bibi, macho chini.

"Leo ndiyo unasema?" Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama alisoma pale ng'ambo! Alijua siku ileile. Aliniambia, 'Mwache, kijana mwenye aibu hivi atarudi tu.' Nenda kaseme, baba. Mimi nilishapata changu."

Tarehe 11 Aprili mwaka huu alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka ofisi ya manispaa. Ofisa alipouliza ushahidi, akakunjua karatasi ya kazi ya 1978, imeandikwa "upande wa kushoto". Ubomoaji ulisitishwa. Tarehe 18 Mei kibao kilihamishwa, kitindamimba wake ndiye aliyeshika keekee ya kutobolea, yeye akiamrisha kutoka kitini: "Pima tena! Uangalie na barabara!"

Alifariki nyumbani tarehe 2 Juni, saa tatu asubuhi, mkono wake mkononi mwa Bibi. Matundu manne yamebaki ukutani kwa mama mkwe. Fundi alikuja na saruji, Bibi akamrudisha. "Hayo yaache. Hapo ndipo alipoingilia."

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na kitukuu mmoja ambaye bado hajui kupima hata mara moja.

Apumzike kwa amani Mzee Vibao. Safari hii hakukosea nyumba.