Ghuba Isiyo na Mtu: Maisha ya Rosamel Chiguay Barría, 1951–2019

*Maji hupwa yakajaa, ndege huja wakaenda,*
*Mja akishakufaa, ndiye mauti hupenda.*

Ndugu, majirani, na nyote mliovuka matope ya Juni kufika katika kanisa hili, familia ya Chiguay Naín inawasomea maisha ya mzee wao kama alivyoagiza mwenyewe akiwa kitandani, kwamba kosa lake lisomwe pamoja na tarehe yake, na kwamba kama kosa litaachwa basi na mengine yote yaachwe, azikwe kimya.

Marehemu Rosamel Chiguay Barría alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, hapa Linquehue, kisiwani Chiloé, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa mzee Baudilio Chiguay, fundi seremala, na Bibi Clorinda Barría, mvunaji wa mwani, na kati ya hao saba ni wawili tu waliovuka utoto, yeye na dada yake Orfelina, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2011.

Alisoma katika shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akawa mwanafunzi mtulivu, mwenye mwandiko safi, ila mwalimu wake aliandika katika ripoti ya mwisho, ambayo familia inayo hadi leo, kwamba mtoto huyu akikosea herufi moja hufuta mpaka karatasi ikatoboka, na mzazi aangalie jambo hilo.

Mwezi Aprili 1966 alikwenda mjini Castro kujifunza kazi ya picha kwa mzee Hipólito Vera, akakaa naye miaka minane katika chumba cha giza, akifunzwa kupima dawa, kukata mkanda na kutupa kisichofaa, na mara kwa mara alitukumbusha maneno ya mwalimu wake huyo, "Picha ni kama sala, kijana, ukikohoa katikati unaanza upya." Alirudi nyumbani mwaka 1974, na tangu hapo hakuna ubatizo, ndoa wala kitambulisho katika visiwa hivi vidogo ambacho hakikupita mikononi mwake, na wengi wenu mnao ukutani marehemu wenu waliopigwa picha na marehemu huyu.

Tarehe 20 Januari 1976 alifunga ndoa na Edelmira Naín, binti wa ng'ambo ya ghuba, mvunaji wa mwani tangu utotoni, na Mungu akawajalia watoto wawili, Herminda, aliyezaliwa mwaka 1977, na Nolberto, aliyezaliwa mwaka 1980, ambaye leo yupo katika kiwanda cha samaki huko Puerto Montt na hakupata ruhusa ya kuja.

Kazi iliyomla moyo haikuwa ya harusi wala vitambulisho. Siku ya Jumapili, tarehe 7 Oktoba 1979, alichimbia nguzo ya mti wa luma ukingoni mwa ghuba yetu, akaegemeza kamera, akawapiga picha sululu wa mdomo mrefu, wale tunaowaita zarapito, waliokuwa wametua karibuni kutoka kaskazini ya mwisho wa dunia, na kuanzia siku hiyo alisimama penye nguzo ileile kila Jumapili, maji yanapoanza kujaa na kuwasukuma ndege karibu na nchi kavu, Septemba wakifika wamekonda, Januari tope likiwa limefunikwa nao hata halionekani, Machi vifua vyao vikigeuka rangi ya kutu, Aprili wakiondoka wote kwa siku tatu, na majira ya baridi heroe wakichukua nafasi yao katika mvua isiyokatika.

Sasa saa hiyo maji yanapoanza kujaa ndiyo saa wavunaji wa mwani wanapomalizia kukokota marobota yao, na mzee Rosamel hakutaka mtu ndani ya picha ya ndege, kwa hiyo aliwapungia kofia wapishe, nao, kwa kuwa walimpenda, walipisha, huku Bi Zunilda Millalonco, aliyekuwa kiongozi wao, akipaza sauti, "Sogeeni jamani, bwana harusi wa ndege amefika!" na Edelmira, akiwa na maji mapajani na reki begani, akijibu, "Wamchukue tu, mimi nimechoka kumfulia!" Na kama mmoja wao alichelewa, mgongo wake au ndoo yake ikaingia pembeni, mzee alikikata kipande hicho cha mkanda kwa mkasi, akakitia jikoni pamoja na picha yake ya karatasi, chini ya sufuria ya viazi, kama alivyofunzwa.

Ndivyo alivyofanya kwa miaka ishirini na minne.

Mwaka 1998 picha zake kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, zilichapishwa kuwa kalenda, kijiji kizima kikaitundika ukutani, nasi tukajivuna. Mwaka 2003 kampuni ya kufuga kome, kutoka kaskazini, iliomba ipewe ghuba hii kwa maelezo kwamba ni pwani isiyotumiwa na mtu, na katika maombi hayo ikaambatisha ile kalenda. Wavunaji walipinga, wakaambiwa ushahidi wa mdomo hautoshi, walete karatasi au picha inayowaonyesha wakifanya kazi hapo kabla ya mwaka 1995, nao wakacheka kwa furaha, kwa sababu ni nani duniani aliyekuwa na picha nyingi za ghuba ile kuliko mume wa Edelmira?

Tarehe 11 Mei 2004 marehemu alifika mbele ya tume iliyogawa fukwe, akiwa amevaa suti ya harusi yake na amebeba sanduku lenye picha elfu moja mia mbili na kumi, kila moja na tarehe yake. Msimamizi alizipitia kwa saa nzima, kisha akasema, "Mzee, ndege nawaona. Watu wako wapi?" Marehemu akajibu, "Walikuwepo, mheshimiwa. Niliwapungia kofia wapishe." Akaulizwa, "Na zile ambazo hawakuwahi kupisha?" Akasema, "Nilizichoma." "Zote?" "Zote, mheshimiwa. Zilikuwa zimeharibika." Hilo ndilo kosa, na hiyo ndiyo tarehe yake.

Nje ya jengo hilo Edelmira alimuuliza, mbele ya wenzake wote, "Mzee wangu, hata mimi ulinitia jikoni?" naye Bi Zunilda akasema tu, "Ulitupiga picha vizuri mno, Mzee Rosamel, hata hatuonekani."

Mwezi Novemba mwaka huo kampuni ilipewa ghuba, yakaja maboya na kamba, ikaja boti ya mlinzi, wavunaji wakasukumwa hadi kwenye ukanda mwembamba wa mashariki, na wengi, mmoja baada ya mwingine, wakaenda viwandani kuchuna samaki katika barafu. Hakuna aliyemtukana marehemu. Waliita tu mpiga picha kutoka mjini kwa ajili ya ubatizo wao. Mwezi Februari 2008, bahari ilipokuwa inakula ukingo chini ya nyumba yake, alikwenda mlango hadi mlango, kofia mkononi, kuomba minga kama desturi yetu inavyotaka, watu waje na maksai waivute nyumba juu ya magogo hadi mahali salama, Edelmira akapika mikate ya viazi na nyama kwa watu sitini, na siku ilipofika alikuja shemeji yake peke yake, na maksai wawili. Jiko lilichukuliwa na maji mwezi Agosti.

Na ndege, ambao kwa ajili yao watu waliondolewa katika picha, nao hawakukaa, kwani kwa hesabu yake mwenyewe walikuwa elfu mbili na mia moja Januari 1986, na mia moja na sitini Januari 2018.

Mwaka 2005 marehemu aliing'oa ile nguzo, akaingia majini. Alivuka tope na wavunaji waliobaki, kila walipovuna, akiwapiga picha nyuso, mikono na reki zao, akiandika jina na tarehe, ingawa mwanzoni walimgeuzia migongo, na Bi Zunilda alimwambia, "Leo ndiyo macho yamefunguka?" naye akajibu, "Geuka kidogo, mama, jua likupate." Baada ya miaka miwili aligeuka. Mwezi Machi 2016 wavunaji thelathini na mmoja waliomba kibali cha ukanda ule wa mashariki, wakiwa na picha mia tano na ishirini, na hakuna hata moja ambayo marehemu aliikata.

Maji hayo baridi hayakumwacha. Alianza kuugua mapafu mwezi Julai 2014, akalazwa mara tatu, kuanzia mwaka 2017 akawa anapumua kwa mtungi wa hewa, na bado alibebwa kwenye kiti hadi ukingoni, akiweka kamera magotini, mpaka mkono ulipokataa kuiinua. Alifariki dunia siku ya Jumatatu, tarehe 3 Juni 2019, saa tatu asubuhi, katika hospitali ya mjini, Edelmira akiwa amemshika mkono, bila kujua majibu ya ombi lile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, muuguzi wa zahanati aliyevusha mitungi kwa mashua katika dhoruba, mafundi picha wa Castro waliomsafishia mikanda yake mikono ilipoanza kutetemeka, na majirani waliochimba kaburi katika mvua hii na waliolibeba jeneza kutoka gatini, wakiwemo waliokuwa hawajaingia nyumbani kwake kwa miaka kumi na tano. Familia haiwaombi mseme kwamba hakukosea.

Pumzika, Mzee Rosamel, kwa ile amani ambayo hatukuweza kukupa.

Barua ya kibali ilifika jana mchana. Inaagiza itiwe saini na kila mmoja wa wale thelathini na mmoja ambaye bado anavuna, na kati yao kumi na wawili wamekufa na kumi na saba wako viwandani. Waliobaki ni Edelmira Naín, mwenye umri wa miaka sitini na minne, na Zunilda Millalonco, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja.