Dakika Kumi na Mbili za Njia Panda

Mheshimiwa Diwani, uliyekubali kuamka mapema kwa ajili ya watu wenye makelele, Ndugu Mwenyekiti wa chama chetu cha waendesha pikipiki, Ndugu Katibu, mwenye kituo hiki cha mafuta, uliyetupa uwanja wako, maji yako na choo chako bila kinyongo, shemeji yangu mpendwa, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, wageni waalikwa, na ninyi waendeshaji thelathini na mmoja mliokwisha kuvaa glavu: nawasalimu nyote, na poleni kwa baridi.

Najua mnataka kuondoka. Namwona Muuguzi amekwisha kufunga helmeti yake mpaka kidevuni, na helmeti ikishafungwa hotuba haiingii. Muuguzi, fungua kidogo tu, mdogo wangu. Hata mimi ni mtu asiye na subira, na kukosa subira kwangu ndiko kulikonileta hapa mbele.

Ratiba inasema niseme neno la kumkumbuka mume wangu, nipeperushe bendera, ninyi muondoke kwa safari yenu ya kilomita mia tatu na arobaini kupita mashambani, kisha mimi nirudi nyumbani. Binti yangu aliniandikia hotuba ya kurasa mbili, nzuri sana, ina maneno kama "mhimili" na "dira". Nimeiacha mezani. Nimekuja na jambo moja ambalo nimelikalia mwaka mzima, na linamhusu mtu aliyesimama pale karibu na pampu ya upepo, ambaye nyote mmemwona na hakuna aliyemsalimu. Fundi Saa, nakuona unaangalia geti. Usiondoke. Nakuomba usiondoke mpaka nimalize.

Kwa wageni wasiotujua, kazi yangu ni kushona viti vya pikipiki. Mtu ananiletea kiti kilichopasuka, nakivua ngozi, nabadilisha sponji, nakivisha ngozi mpya, napiga stepla. Kati ya pikipiki zilizopo hapa, kumi na tisa zina viti vya mikono yangu. Kwa hiyo siri zenu ninazo. Najua nani anakaa upande upande, na najua nani anasema ana kilo sabini wakati sponji yake inasema mengine. Mwenyekiti, usicheke sana.

Lakini tangu msiba mimi mwenyewe sikai. Nashona nimesimama. Chai nainywa nikiizunguka meza. Kitanda nimekihamisha mara nne, kutoka ukuta huu kwenda ule, mpaka jirani yangu akaniuliza dirishani, "Mama, unahama au unahamia?" Nikamwambia sijui, na kweli sikujua. Mnaniona hapa nabadilisha mguu huu na ule mkadhani ni woga wa kipaza sauti. Si woga. Ni jambo lenyewe ndilo linalonikosesha kutulia.

Mume wangu alikuwa fundi bomba, nanyi mlimwita Mkia, kwa sababu miaka kumi na moja aliendesha wa mwisho katika msafara huu kwa hiari yake. Akipita kijijini akaona bomba la barabarani linavuja, alisimama, akatoa spana, akalikaza, akaendelea. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Ndama akifungwa karibu na barabara, alipunguza mwendo akamsalimia, "Hujambo, mkubwa?" Kijiti cha kiberiti hakikumtoka pembeni ya mdomo. Mmoja wenu, simtaji, alimtania siku moja mbele ya watu: "Kaka, hivi hiyo pikipiki yako ina gia ya nne kweli?" Naye akajibu, "Ninayo. Imekaa hapa nyuma, inanifinya mbavu." Watu wakacheka, nami nikacheka, maana ilikuwa kweli. Yeye alikuwa wa polepole, mimi ndiye niliyekuwa namfinya mbavu: twende, twende, wenzetu wametuacha.

Sasa, Mheshimiwa Diwani, nikueleze desturi yetu moja. Watu wakisikia fulani ameachwa njia panda, humwonea huruma. Kwetu sisi kuachwa njia panda ni heshima. Msafara ukifika mahali barabara inapogawanyika, yule aliye nyuma ya kiongozi husimama pembeni, akanyoosha mkono kuonyesha njia, na hasogei, anyeshewe au achomwe na jua, mpaka wa mwisho afike. Wa mwisho huvaa koti la rangi ya chungwa na hupiga honi mara mbili. Hapo ndipo aliyeachwa anapoondoka. Na iko sehemu ya pili ya desturi hiyo, ambayo watu huisahau kwa sababu huhitajika mara chache: ukifika njia panda usimkute mtu, usichague. Zima injini, subiri. Mtu atarudi kukuchukua.

Haikuandikwa popote, lakini kuna asiyeijua kati yenu? Kuna hata mmoja?

Mwaka jana, katika safari kama hii, mvua ilitukuta katikati ya mashamba ya mahindi. Kinyozi alipata pancha. Mume wangu nami, tuliokuwa wa mwisho, tulisimama kumsaidia. Kinyozi alikuwa na fulana tu, koti lake lilikuwa limekwisha kwenda na gari la mizigo, na meno yalikuwa yakigongana. Tairi lilipopona, mume wangu akavua koti lake la rangi ya chungwa, akamvika. "Tangulia, bwana," akamwambia, "sisi tunakusanya vyuma, tunakuja."

Kinyozi akatangulia. Akafika njia panda ambapo Fundi Saa alikuwa amesimama kwenye mvua karibu nusu saa. Na Kinyozi, ninyi mnamjua, ni mtu wa heshima, hawezi kumpita mwenzake bila kumsalimu. Akampigia honi. Mara mbili.

Niambieni, ndugu zangu. Fundi Saa aliona koti, akasikia honi mbili. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Akawasha, akaondoka, kama alivyofundishwa. Sisi tulipofika, hapakuwa na mtu. Tukashika barabara ya kushoto, iendayo machimbo ya mawe, na kwenye kona ya tatu kokoto zikatuangusha penye kalavati. Mimi nilivunjika mkono. Mume wangu hakuinuka.

Hayo mnayajua. Na kwa sababu mnayajua hivyo, mwezi uliopita mkutano wa chama ukaamua Fundi Saa asisafiri tena na kundi hili. Barua niliisoma. Imeandikwa "kwa heshima ya marehemu na mjane wake". Katibu aliniletea mwenyewe mpaka kibandani, akanisomea, akaniuliza kama nimeridhika. Nikasema asante.

Nikasema asante! Hebu fikirini.

Mtu huyu, tangu mazishi, amekuja kibandani kwangu mara tatu. Mara ya kwanza alisimama mlangoni akasema, "Mama, nimekuja kuiangalia ile saa yako ya ukutani." Nikamwambia, "Saa haina tatizo." Akasema, "Nitaiangalia tu." Akaishusha, akaifungua, akaipangusa kwa kitambaa laini kama mtu anayempangusa mtoto macho, akaifunga, akairudisha ukutani. Akakaa kwenye benchi. Akafungua mdomo, akaufunga. Akaaga. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu hivyo hivyo. Saa yangu haijawahi kuwa safi kiasi kile. Nilijua anachotafuta. Alikuwa anatafuta neno moja tu kutoka kwangu, nami nilikuwa nalo, na kila mara nilimwacha aondoke bila kumpa.

Neno lenyewe ni hili.

Tulipofika njia panda tusimkute mtu, mume wangu alizima injini. Alikitoa kile kijiti mdomoni, na hakuwa akikitoa ila jambo likiwa zito, akasema, "Tusubiri. Mtu atarudi." Mimi nilikuwa nimelowa mpaka kwenye mifupa. Nikaangalia saa yangu ya mkononi, ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Nikamwambia, "Tusubiri nini? Tunyeshewe mpaka lini? Si unaona alama za matairi zile, wamekwenda kushoto." Akasema, "Alama zile pana, mke wangu. Hizo za lori." Nikasema, "Wewe nawe! Kushoto, twende." Nikamfinya mbavu.

Akawasha. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, akanisikiliza hata pale ambapo hakupaswa kunisikiliza.

Fundi Saa alipofika kituo cha chai alihesabu pikipiki, akaona imepungua moja. Hakumwuliza mtu, hakuvua hata helmeti, aligeuza. Mbele ya mkutano mlimwuliza alirudi njia panda saa ngapi, naye, kwa kuwa ndiyo kazi yake, alijua: saa tano na dakika thelathini na mbili. Mliandika. Mliona amechelewa. Lakini ile saa tano na dakika ishirini hamkuwa nayo, ilikuwa kwangu peke yangu. Dakika kumi na mbili. Desturi ilisema subirini, mume wangu alisema tusubiri, na mtu alirudi kweli, kama ilivyosemwa kwamba atarudi. Aliyeshindwa dakika kumi na mbili ni mimi.

Naona shemeji umesimama. Keti, shemeji yangu. Keti, nakuomba. Ni kweli uliniuliza siku ya arobaini, ukaniambia, "Shemeji, siku ile hamkuwa na namna, sivyo?" Nami nikakujibu, "Hatukuwa na namna." Nilikudanganya. Ulimpenda mdogo wako, na hasira yako ilihitaji mahali pa kukaa. Nikakuacha uikalishe juu ya mtu mwingine kwa sababu nilijua ikitoka kule itakuja kwangu. Jumapili nitakuwa nyumbani tangu asubuhi. Njoo uniseme unavyotaka. Sitatoka, sitahamisha kitanda, sitazunguka meza. Nitakaa nikusikilize mpaka umalize.

Ndugu Mwenyekiti, uamuzi ule mliufanya kwa jina langu. Naomba jina langu litolewe humo, na mkishalitoa, angalieni kama kuna kitakachobaki kwenye barua ile. Sisemi hapakuwa na kosa siku ile. Koti lilikwenda kwa aliyekuwa na baridi, honi ilipigwa kwa heshima, na mtu akaondoka kwa utii. Makosa ya namna hiyo hutokea kwa watu wanaotunzana. Langu halikuwa la namna hiyo.

Na wewe Fundi Saa. Sikusamehe, kwa sababu anayesamehe ni aliyekosewa, na baina yetu wawili aliyekosewa ni wewe. Naomba radhi. Naomba radhi kwa mara zile tatu, na kwa mwaka mzima ambao watu walivuka barabara wasikutane nawe, na kwa asubuhi hii uliyokuja kuwaaga wenzako ukasimama na pampu ya upepo kana kwamba nayo ni mtu.

Mheshimiwa Diwani, bendera naomba uipeperushe wewe. Una mkono mrefu na watu wako wanakuona. Mimi leo ni msafiri. Begi langu liko ndani, kwa mwenye kituo. Binti yangu anajua, amelia, kisha amenipa soksi zake nzito. Ninachokosa ni pikipiki ya kupanda, na ninaiona moja imeegeshwa nje ya geti, ina kiti nilichokishona mimi miaka mitatu iliyopita, chenye nafasi nzuri ya abiria.

Njia panda ya kwanza iko kilomita kumi na nane kutoka hapa, penye ghala la pamba. Ninaomba, kama Mwenyekiti atakubali na kama mwenye pikipiki atakubali, sisi wawili ndio tuachwe pale. Mkipita mkatuona tumenyoosha mikono, msitupigie makofi, msisimame kutuhurumia. Piteni. Na mkishapita wote, vumbi likatulia, mguu wangu ukaanza kucheza na ulimi ukataka kusema "twende", nitauuma. Kinyozi, leo wa mwisho ni wewe. Uwe wa mwisho kweli. Ukisimama kumsaidia mtu, chukua muda wako. Ukikuta bomba linavuja, kaza. Hata ukituweka pale mpaka jua la mchana, utatukuta.

Mwenyekiti ameitikia kwa kichwa, wote mmeona. Shemeji ameinama, na mimi simlazimishi kuinua uso leo. Nawashukuru nyote mliokuja kuniona nikipeperusha bendera mkaishia kusikia habari nyingine, na ninawashukuru kwa kunisikiliza kwenye baridi hii.

Fundi Saa, sijakuona ukijibu. Fikiri taratibu, baba. Wenzako hawa wana haraka. Mimi leo sina.