Databesi ya Watu Wawili

FUNDI: Haloo? Mwalimu? Unanipata?

MWALIMU: Haloo... nani mwenzangu?

FUNDI: Jamani! Umeshaifuta namba yangu? Ni mimi, mwanafunzi wako, fundi wa kompyuta wa hospitali. Shikamoo.

MWALIMU: Aa, binti! Marahaba. Mtandao huu— [mkwaruzo] —nilikuwa nataka—

FUNDI: Mwalimu, maji yamenifika shingoni. Mkurugenzi kajifungia na watu wa ile kampuni ya kuuza programu tangu asubuhi. Wanataka kuing'oa databesi yetu, waweke yao ya kulipia leseni.

MWALIMU: Ala! Leo?

FUNDI: Leo hii! Mimi nimeachwa koridoni kama mwavuli. Wakiiondoa, na mimi sina kazi. Njoo useme nao, wewe watakusikiliza. Waambie yetu ni huria, tunaifungua, tunaona kilichomo, tunatengeneza wenyewe. Yao imefungwa kabisa. Siku leseni ikigoma, kadi za wagonjwa—

MWALIMU: Lakini na yao ina uzuri wake, binti. Ikiharibika kuna wa kuwapigia.

FUNDI: Na yetu je? Si nakupigia wewe?

MWALIMU: Nasema tu.

FUNDI: Si wewe uliyetukataza darasani tusijifunge kwa kampuni? Ulipiga meza mpaka chaki zikaanguka!

MWALIMU: Zamani hizo. Mtu ukishakuwa na watoto wa kusomesha—

FUNDI: Kwani uko wapi?

MWALIMU: Niko... safarini. Mbali kidogo. [nyuma yake, kipaza sauti: "Mama mwenye kadi ya kijani, dirisha la pili!"]

FUNDI: ...

MWALIMU: Haloo? Umepotea?

FUNDI: Huyo ni dada yetu wa mapokezi.

MWALIMU: Binti, nisikilize—

FUNDI: Uko humo ndani. Umekaa upande gani wa meza?

MWALIMU: [mkwaruzo] ...wa wageni.

FUNDI: Tangu lini?

MWALIMU: Kampuni imenichukua kazini mwezi uliopita. Nilitaka nikuambie, nikasema nitafute wakati mzuri—

FUNDI: Mwezi uliopita! Na juzi nimekutumia ulinganisho wangu wa databesi zote mbili uupitie! Nimekuandikia kila palipo na udhaifu, nikijua nazungumza na mtu aliye kama baba yangu!

MWALIMU: Sikuusoma wote mbele yao.

FUNDI: Uliwasomea sehemu gani?

MWALIMU: Pale pa... msaada. Kwamba anayeielewa ni mtu mmoja. Akiugua, hospitali nzima imekwama.

FUNDI: Mtu mmoja.

MWALIMU: Ndivyo mambo yalivyo.

FUNDI: Tulikuwa wawili, Mwalimu! Usiku ule databesi ilipozima, nani alikuja na kandambili? Uliniambia, "Usiogope, tuko wawili." Na hayo ndiyo maneno niliyompa mkurugenzi, neno kwa neno!

MWALIMU: Usipaze sauti, wanasikia—

FUNDI: Wasikie! Umeniumiza. Kampuni ningeiweza. Wewe sikukutegemea.

MWALIMU: Mkurugenzi anasema uingie.

FUNDI: Nijitetee?

MWALIMU: Ukabidhi... nywila.

FUNDI: Zangu unazo. Nilikupa mwenyewe, nikipatwa na jambo uweze kuingia. Mwalimu? Au umeshawapa?

MWALIMU: Haloo? Haloo? Sikupati vizuri, na salio ndilo hilo linaniishia, acha tuta—

FUNDI: Simu nimepiga mimi, Mwalimu.