Lidwina Mapunda na Picha ya Mume Wake Mtandaoni

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu popote mnaponisikia, kuanzia Mjimwema na Maposeni mpaka Tunduru. Leo tunamkumbuka Mama Lidwina Mapunda, fundi wa kudarizi wa Mjimwema, hapa Songea. Alitutoka wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka hamsini na miwili. Wengi mlivijua vitambaa vyake vya meza. Wachache mlijua kwa nini alihangaika kuvipeleka mbali hivyo.

Lidwina alizaliwa Maposeni, kwa wakulima wa mahindi. Kudarizi alifundishwa na masista. Aliolewa na Remigi Nyoni, seremala, wakahamia Mjimwema. Hawakujaliwa mtoto. Nyumba yao ilikuwa ya watu wawili, na wenyewe waliridhika.

Kisha serikali ikafungulia biashara ya nje. Mitumba ikajaa sokoni, na vitu vya kutoka nje vikawa rahisi kuliko kazi ya mkono. Remigi akakosa wateja. Mwaka 1995 Tunduru ilikuwa imechangamka kwa mawe ya thamani, na Julai mwaka huo akafunga begi.

"Miezi mitatu tu," alimwambia mkewe.

Zilikuja barua mbili. Ya pili ilisema anavuka mto Ruvuma, anakwenda upande wa Msumbiji. Baada ya hapo, kimya.

Wasikilizaji wapendwa, kimya hicho kilidumu karibu miaka tisa. Mdogo wake Lidwina, Esteria, ambaye ni muuguzi Ujerumani, alituambia hivi kwa simu: "Kanisani wajane wakiitwa mbele kuombewa, dada hakusimama. Wenye ndoa wakiitwa, hakusimama. Alibaki pale kwenye benchi peke yake."

Mwaka 2001 Sharifa Chitete alifungua duka la intaneti karibu na soko kuu. Kompyuta nne. Esteria akampa dada yake wazo. Kule Ujerumani watu wananunua vitu kwa mnada ndani ya mtandao. Lidwina atume vitambaa kwa posta, Esteria ataviweka mnadani, kila mnunuzi atataja bei yake, na wa juu atachukua.

Vitambaa vikanunuliwa. Lakini Lidwina hakufurahi kama walivyotegemea. Siku moja alimuuliza Sharifa, "Hawa wanaonunua, wananiona mimi?"

"Hapana, mama. Wanaona kitambaa na bei."

"Nataka wanione. Nataka waje kwangu."

Sharifa akamtengenezea tovuti yake mwenyewe. Hiyo ilikuwa mwaka 2002. Ilikuwa na jina lake, vitambaa vyake, na chini kabisa picha ya Remigi, amevaa shati la mistari. Chini ya picha Lidwina aliandika: "Huyu ni mume wangu. Aliyemwona aniambie, hata kama habari ni mbaya." Esteria akayatafsiri maneno hayo kwa Kijerumani.

Mnadani picha kama ile isingewekwa. Pale ni bidhaa tu. Kwa hiyo kazi ya Lidwina ikawa moja: kuwatoa watu mnadani na kuwaleta kwenye tovuti yake. Ndani ya kila kifurushi aliweka kadi yenye anwani ya tovuti, ameiandika kwa mkono. Kwenye kadi aliahidi kwamba atakayeagiza moja kwa moja kwake atadariziwa jina lake bure.

Tovuti ilikuwa na namba inayoonyesha wageni wangapi wamefika. Kila Jumatatu Lidwina alikuja dukani kwa Sharifa kuitazama. Ilifika kumi na tisa. Ikafika ishirini na sita. Sharifa anasema alijua ukweli miezi mingi kabla ya kupata ujasiri wa kuusema.

"Shikamoo mama. Hawa wageni, wengi ni wewe mwenyewe. Ukiifungua tu, inakuhesabu."

Lidwina aliitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha akaomba karatasi ngumu, akakata kadi nyingine.

Mwaka 2003 aliona kadi zinachelewa kuleta watu. Akamwomba Esteria aandike anwani ya tovuti kwenye tangazo lenyewe la mnada. Esteria alisita, kwa sababu kanuni za mnada zilikataza, lakini akaandika. Baada ya siku nne wenye mnada wakaifunga akaunti yake. Hakukuwa na mnada tena. Esteria akataka kufungua nyingine, safari hii bila anwani wala kadi.

"Bila kadi nauza nini?" Lidwina alimjibu. "Mimi sitafuti wateja, Esteria. Natafuta macho."

Mwezi Machi 2004 barua pepe ikaingia. Iliandikwa na mwanamke wa Ujerumani aliyenunua kitambaa mnadani, akaiweka kadi kwenye droo, akaja kuikumbuka baadaye. Aliifungua tovuti akiwa na kaka yake, mtu aliyewahi kuja Tunduru kununua mawe. Kaka huyo alimtambua Remigi. Alisema walikuwa kambi moja ng'ambo ya mto, mwaka 1996. Homa ilimkamata Remigi, akafa siku ya tano, wenzake wakamzika palepale. Akaongeza kwamba Remigi alikuwa na kigugumizi, ila akiimba kilimwacha.

Kigugumizi hicho Lidwina hakuwa amekiandika popote.

Esteria aliitafsiri barua ile, na Sharifa akamsomea Lidwina mara mbili. "Hakulia," anasema. "Aliniuliza tu, siku tano hizo nani alimpa maji."

Misa ya marehemu ikasomwa. Jumapili iliyofuata wajane walipoitwa, Lidwina alisimama.

Picha ya Remigi aliiondoa. Sharifa akauliza kama tovuti ifungwe. Lidwina alikataa. Alikwenda kwa Mwanaisha, jirani ambaye mwanawe alifuata mawe hayohayo asirudi, akaomba picha ya kijana huyo. Mpaka anafariki kwa ugonjwa wa moyo, picha za waliopotea zilikuwa sita. Bado ziko pale, na Sharifa anazitunza.

Kwa Esteria, kwa ukoo wa Mapunda na ukoo wa Nyoni, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu ampumzishe Mama Lidwina.

Na wewe unayenisikiliza kambini, au kwenye mji usiokujua, uliyeaga nyumbani ukasema miezi mitatu. Labda hukupata kitu, na unaona aibu kurudi mikono mitupu. Nyumbani hawasubiri mawe. Waandikie leo kwamba uko hai.