Bi Misumari Aliyekataa Bei ya Wasio na Bima

Marehemu, ambaye wengi mlimfahamu kama Bi Misumari, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa seremala na mkewe. Jina hilo alilipata kazini: alibana misumari midogo midomoni akigongelea kitambaa kwenye kiti, na akiitoa, ujue una kesi.

Alisoma hadi darasa la saba, kisha karakana ya baba yake ikamhitaji. Humo alijifunza kuvalisha makochi, kazi aliyoifanya mpaka mwaka huu.

Mwaka 1984 kinyozi mmoja alimletea tandiko la baiskeli lililochanika. Wiki iliyofuata akalirudisha, limechanika tena. Mara ya tatu Bi Misumari aliutazama mpasuo, umenyooka kama uliopigiwa rula, akatema misumari.

"Huu ni wembe," alimwambia. "Sema shida yako."

Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwezi wa Septemba mwaka huu alilazwa kwa mawe ya nyongo. Upasuaji ulikwenda vizuri, na familia inamshukuru daktari na wauguzi kwa moyo wote. Yanayofuata hayawahusu wao. Kitanda cha pembeni alilala mwalimu mstaafu, aliyepasuliwa nyongo asubuhi hiyohiyo na daktari huyohuyo. Bili zilipotoka, ya mwalimu, mwenye bima, ilikuwa theluthi ya ile ya Bi Misumari, asiye na bima. Alijikongoja hadi uhasibu, mkono tumboni.

"Mama, watu wa bima tunajadiliana nao bei," alisema mhasibu.

"Basi na mimi nimekuja tujadiliane."

"Mtu binafsi hatujadiliani naye."

"Yaani mwenye wa kumlipia mnampunguzia, asiye na wa kumlipia mnampandishia. Na hilo ulikwenda kulisomea?"

Alisema atalipa sawasawa na mwalimu, papo hapo. Mumewe alikuwa na pesa hizo mfukoni. Wakakataa. Daktari alishaandika aende nyumbani, lakini mlinzi akawekwa mlango wa wodi, na kila siku waliyomzuia wakamtoza kitanda. Hata mwizi wa kuku hatozwi kodi ya selo.

Binti mkubwa alipotaka kuuza cherehani, mama yake alimkatalia katakata. "Cherehani yangu ikalipe wizi? Thubutu."

Akiwa bado amezuiliwa, kidonda kilianza kutunga usaha, homa ikapanda. Wakasema dawa haitoki bila pesa kutangulia. Mumewe akazitoa zilezile walizozikataa, na safari hii walizipokea haraka. Dawa yenyewe haikuwa na haraka hiyo. Bi Misumari alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, mkono wake ukiwa mikononi mwa mumewe.

Wakauzuia na mwili.

Hapo ndipo mwalimu, aliyekwisharuhusiwa nyumbani, hata nguvu hazijamrudia vizuri, alipokwenda kuketi kwenye benchi la uhasibu. Akawasomea waliopanga foleni bili yake na ya jirani yake, kwa ile sauti ya darasani inayofika hadi dawati la nyuma. Watu wakaanza kutoa zao na kulinganisha. Kesho yake alirudi, na mkubwa wa hospitali akashuka ngazi mwenyewe, akitabasamu, akaeleza kwamba kulitokea hitilafu ya mfumo. Watu wa aina ile hawaibi, mfumo ndio huiba kwa niaba yao.

Familia ilichangishana, ikalipa bei ya mwalimu, mwili ukatoka. Kabla ya hapo mume aliletewa karatasi atie sahihi kwamba habari hizi hazitasemwa popote. Alimrudishia mkubwa kalamu yake.

"Mke wangu hakunyamaza siku hata moja," alisema. "Mimi nimnyamazishe leo?"

Ndiyo maana yamesomwa hapa, na yamechapwa kwenye kijitabu mlichoshika. Mkubwa yule alituma shada la maua. Liko nje ya geti, anayelitaka achukue.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu na wadogo zake wawili. Ameacha pia dada mpya, mwalimu, ambaye familia imemkalisha mstari wa mbele pamoja na wafiwa.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko alilonyimwa wodini.