Tulivyozunguka Uwanja Bila Fundi Saa

Benchi letu, wajukuu zangu, liko ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, linatazama uwanja wa mpira. Mwenye birika la kahawa ni mimi. Ugonjwa ule ulipokaza, watu wa afya walikuja na utepe mwekundu wakalifunga: kukaa pamoja marufuku, kutembea kwa mazoezi ruksa, ila msikaribiane. Basi tukawa watembeaji. Mwenzetu wa benchi tunayemwita Waziri akatupanga sisi wanne, kila mtu aanzie kona yake ya uwanja, tukawa tunazunguka kila asubuhi. Sitawadanganya, nilifurahi kama msichana. Umande miguuni, Kinyozi anaruka kamba, Mama Cherehani anacheka mpaka barakoa inamshuka. Mwenzetu Fundi Saa miguu yake ilishachoka zamani, akabaki kwake ng'ambo ya barabara. Tukipita tunampungia, naye anatupungia dirishani. Wiki ya tatu dirisha likafungwa, halikufunguka tena. Majuzi benchi limeruhusiwa, watu wanne tu, kila mmoja na alama yake ya chaki. Wenzangu wakakaa watatu, mimi nikasimama na birika, alama ya nne tukamwachia Fundi. Maneno yakaanzia hapo: kwa nini alijifungia, na je, atarudi?

Kinyozi: Ni jua tu. Lilikuwa linampiga usoni.

Mama Cherehani: Jua gani la asubuhi, na dirisha linatazama magharibi?

Waziri (huyu hata ukarani hajawahi kuupata, ila serikali yote anaijua yeye): Nyie hamjui kitu. Ilikuwa amri. Hewa ya uwanjani ilikuwa ya watembeaji. Ukiivuta umekaa, unaandikwa jina.

Kinyozi: Linaandikwa na nani?

Waziri: Ukiwaona, basi kazi hawaiwezi.

Mama Cherehani: Mimi nasema ugonjwa ulikuwa unasafiri na sauti. Fundi alikiogopa kicheko changu. Kinafika mbali.

Kinyozi: Kinafika kweli. Mteja akishtuka, mimi ndiye ninayelaumiwa kwa kichwa chake.

Mimi: Mbona zamani alikuwa anakifurahia?

Waziri: Haya, siri niwape. Jamaa alikuwa anafanya mazoezi humo ndani. Amefunga ili tusimwone. Siku moja mlango utafunguka, atoke mbio, atupite wote.

Tukacheka sana. Nikapita na birika, nikawaongezea kahawa.

Mama Cherehani: Siku moja nilisimama pale dirishani nikamfanyia mazoezi. Mikono juu, mikono chini, naruka. Nilitaka acheke.

Kinyozi: Akacheka?

Mama Cherehani: Alinitazama miguu.

Waziri: Lakini tulimpungia. Kila mzunguko.

Mimi: Mizunguko saba.

Waziri: Sasa mtu afanyiwe nini tena, Bibi?

Mara ng'ambo ya barabara mlango wa Fundi ukafunguka. Akatoka mwanamke na mikoba miwili, akafunga na ufunguo, akavuka kuja kwetu. Ni kitinda mimba wake, yule aliyeolewa mji mwingine. Nimembeba mgongoni huyo.

Binti: Shikamoo, bibi.

Mimi: Marahaba, mwanangu. Baba yuko wapi?

Binti: Nilimchukua juma lililopita. Leo nimefuata nguo zake.

Mama Cherehani: Anaumwa?

Binti: Haumwi, shangazi. Amekuwa hasemi tu.

Kinyozi: Mwambie benchi limefunguliwa. Nafasi yake hii hapa.

Binti: Nilimwambia. Akageukia ukutani.

Akaweka mikoba chini, akasimama mbali kidogo kama tulivyofundishwa.

Binti: Kabla hajanyamaza aliniambia hapa kwenu anayefika wa mwisho ndiye anayemvusha barabara.

Ni kweli. Miaka kumi na moja hatukupangiana zamu. Ukija ukatukuta tumeshakaa wote, hata salamu hutoi, unageuza, unakwenda kumpa Fundi bega na kumbebea kiti. Wengine hatuna haja hata ya kukumbuka.

Binti: Basi alikuwa anavaa viatu kila asubuhi. Kiti anakisogeza mlangoni. Alisema angekaa peke yake pembeni ya uwanja, awasikie tu mnavyotaniana. Hilo halikukatazwa.

Waziri: Sasa mbona hakutuita, mwanangu? Sauti anayo.

Binti: Hakuwahi kuita, mzee. Siku zote mlikuja.

Mama Cherehani akapandisha barakoa yake mpaka chini ya macho. Binti hakuwa na ukali wowote, na afadhali angekuwa nao. Aliuliza kama anayeuliza njia.

Binti: Mimi nilitaka kuelewa tu, nikamweleze. Kwenye kuzunguka kwenu, wa mwisho alikuwa nani?

Waziri alimtazama Kinyozi. Kinyozi alimtazama Mama Cherehani. Mama Cherehani alinitazama mimi, na mimi nikaanza kutupanga upya kichwani. Mbele yangu alikuwa akitembea Waziri. Nyuma yangu alikuwa akitembea Kinyozi. Kila mmoja wetu asubuhi zile alikuwa na mwenzake mbele na mwenzake nyuma.