Tiki ya Kijani Chini ya Mashine

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 4 Machi 1956, saa kumi na moja alfajiri, akiwa mtoto wa pili wa fundi saa na mama muuza vitambaa. Saa hiyo ya kuzaliwa iliandikwa na baba yake, na marehemu aliwahi kwenda kuihakikisha kwenye daftari la wodi ya wazazi. Ndivyo alivyokuwa, na wanaomjua hapa hawatashangaa.

Alianza shule ya msingi Januari 1963 na kumaliza sekondari mwaka 1975. Jioni alikaa kwenye kibanda cha baba yake, nyuma ya soko. Mzee hakumruhusu kumwambia mteja kwamba saa imepona mpaka aiweke sikioni na kuisikia. Mwaka 1978 alijiunga na chuo cha uhasibu, na tarehe 2 Julai 1981 akaajiriwa ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali, karani wa daraja la chini kabisa. Pale mhasibu huandika kwa wino wa buluu na mkaguzi huweka tiki kwa kijani. Alipewa kalamu ya kijani siku ya kwanza, na hakuiacha mpaka watu wakamwita Mzee Tiki angali kijana.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye leo ndiye mjane aliyeketi hapa mbele. Siku hiyo bwana harusi alisimama katikati ya hotuba ya mjomba, akaanza kuhesabu viti vya kukodi. Vilikuwa vimelipiwa viti mia mbili, yeye alikuta mia na themanini na saba.

“Kaa chini wewe,” bibi harusi alimnong’oneza, “leo unaoa.”

Alikaa. Lakini Jumatatu alimfuata mwenye viti, na pesa ya viti kumi na vitatu ikarudi.

Kazi iliyomkaa moyoni hadi mwisho ni ya Septemba 2013. Hospitali kuu na matawi yake mawili zilikuwa zimelipia mashine sita za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, mbili kila mahali. Hati za malipo zilikuwepo, za kupokelea mzigo zilikuwepo, sahihi zote zilikuwepo. Zilikuwa safi mno, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Siku ya kwanza, hospitali kuu, alionyeshwa mashine mbili. Akapiga magoti kutafuta namba zake, akakuta vibati vimekwanguliwa. Alitoa kalamu nene ya wino usiofutika, akachora tiki ndogo ya kijani chini ya kila mashine, karibu na gurudumu. Kesho yake, tawi la kwanza, kilomita sabini kutoka pale, alionyeshwa mbili zilizofunikwa nailoni mpya. Akapiga magoti tena, akaikuta tiki yake inamsubiri. Siku ya tatu, tawi la pili, ilikuwa ileile. Dereva wa lori la hospitali alikuwa anasinzia kwenye usukani, maskini, siku tatu hajalala.

Taarifa ilitoka tarehe 28 Novemba, ukurasa wa 114: mashine nne hazipo. Ikasomwa, wakubwa wakasikitika, maelezo yakaombwa. Afisa manunuzi alihamishwa, na huko alikohamia akapanda cheo. Aliyefukuzwa ni mtunza stoo, ambaye alitia sahihi kwa kuamriwa. Marehemu aliwaandikia wakubwa barua tatu za kumtetea, hakujibiwa hata moja. Kila mwaka hadi alipostaafu, Machi 2016, aliandika upya kwenye taarifa ya ukaguzi maneno yaleyale: hoja bado haijafungwa.

Sukari alikuwa nayo tangu 2009. Januari mwaka huu wa 2023 figo zake zikashindwa. Daktari alisema asafishwe damu mara mbili kwa wiki. Hospitali ya kulipia ilimaliza kiinua mgongo, gari, na michango ya ndugu kwa miezi miwili. Ikabaki hospitali kuu, kwenye chumba chenye mashine mbili zinazofanya kazi bila kupumzika na orodha ndefu mlangoni. Yeye alikuwa wa kumi na tisa.

Mkewe alimletea kalamu ya kijani. “Ikague, baba. Labda kuna mtu amepenyezwa.”

Muuguzi mkuu alimpa orodha na mafaili bila kinyongo. Alikaa navyo kwenye benchi saa mbili, mkewe pembeni hathubutu hata kukohoa. Mwisho akafunga kalamu.

“Iko sawa. Hakuna aliyerukwa, hakuna aliyepenyezwa.”

“Maisha yako yote unakuta makosa,” mkewe alisema huku analia, “hili moja tu limekushinda?”

“Walioiba hawamo humu,” alisema. “Humu wamo wagonjwa tu.”

Mwezi Mei, akiwa amevimba miguu, alimwomba mdogo wake, anayesoma maneno haya, aingie chumbani na kuinama chini ya mashine.

“Ipo?”

“Ipo, kaka. Zote mbili.”

Alicheka mpaka akakohoa. Mdogo wake hakuona cha kuchekesha, na hadi leo hajakiona.

Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka 67. Kwenye orodha alikuwa wa pili.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja na mdogo wake. Ameacha pia hoja moja ambayo haijafungwa, na sisi hatujui pa kuipeleka.

Jumatatu muuguzi mkuu alipiga simu nyumbani kusema zamu yake imefika. Mjane akamwomba amwite anayefuata.

Kaka, Mungu akupumzishe kwa amani, mahali pasipo na foleni.